Idhini na Amana katika Kompyuta ya Nyumbani

Katika nyumba nyingi za Milanzi, na katika kata nyingine za Manispaa ya Sumbawanga, kompyuta iliyonunuliwa kwa fedha ya mahindi au kwa mkopo wa mshahara aghalabu huwa ni moja tu, ilhali wanaoitegemea ni wengi: baba huweka humo hesabu za mbolea na mauzo ya msimu, mama aliye mwalimu huandalia humo maazimio ya kazi na alama za wanafunzi wake, kijana wa kidato cha nne hukusanya humo mitihani ya miaka iliyopita, na shangazi aliye mweka hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa hutunza humo daftari la hisa. Maadamu kila mmoja ana akaunti yake na neno lake la siri, na kila mmoja anashughulika na yaliyo yake, nyumba hukaa kwa salama. Hitilafu huzuka siku wanapotaka kushirikiana. Mama ameweka orodha ya matumizi ya nyumba mahali ambapo wote wangeweza kuiona, baba anaingia kwa akaunti yake, jina la faili analiona wazi mbele yake, lakini akilibofya anajibiwa kwamba hana ruhusa. Na hapo huanza maneno, huyu akidai kwamba amefichwa jambo, yule akiapa kwamba hakuficha kitu.

Nawaandikia wenye nyumba za namna hiyo, kwa kuwa nimeona mara nyingi jinsi maradhi haya madogo yanavyotibiwa kwa dawa kali kuliko maradhi yenyewe. Dawa ya kwanza ni kuzifuta akaunti zote na kuwaagiza watu wote watumie moja; ya pili ni kumpa kila mtu cheo cha msimamizi, hata mtoto wa darasa la sita; ya tatu ni kuifungua diski yote kwa kila anayeketi mbele ya kompyuta. Kila moja kati ya hizo huondoa ugomvi wa leo kwa kuondoa faragha ya daima, na faragha ndani ya aila si dalili ya uadui: binti ana haki ya kuandika barua isiyosomwa na kaka yake, na mwalimu ana wajibu wa kuyaficha majibu ya mtihani hata kwa mwanawe mwenyewe. Kompyuta inayokataa kufungua faili, mara nyingi, haijaharibika. Inatimiza amana iliyokabidhiwa. Kazi yetu ni kujua ilikabidhiwa amana gani, na nani, na kwa njia ipi, kisha kurekebisha kile tu kinachohitaji kurekebishwa.

Haja hii ni ya zamani. Mwaka 1961, katika chuo cha MIT huko Marekani, Fernando Corbató na wenzake walionyesha mfumo walioupa jina la CTSS, ambao uliwawezesha watu kadhaa kuitumia mashine moja kwa wakati mmoja. Na mara tu watu wengi walipokutana katika mashine moja, ilibidi kila mmoja awe na mahali pake pa kuhifadhi kazi zake na neno la siri la kumtambulisha. Mifumo ya Unix iliyofuata katika muongo wa 1970 iliyagawa mamlaka juu ya kila faili katika madaraja matatu, yaani mwenyewe, kundi lake, na watu wengineo. Kisha mwaka 1993 Microsoft walitoa Windows NT ikiwa na mpango wa diski uitwao NTFS, ambao ndio unaotumika mpaka leo katika kompyuta nyingi zinazouzwa Sumbawanga, na ambao haukuridhika na madaraja matatu bali uliambatanisha kwa kila faili na kila folda orodha ndefu ya majina na idhini zao.

Msomaji akiyaelewa mambo matatu kuhusu mpango huo, nusu ya kazi imekwisha. La kwanza ni kwamba kila faili lina mwenyewe, ambaye kwa kawaida ni yule aliyelianzisha. La pili ni kwamba kila faili lina orodha ya ruhusa, ambamo imeandikwa nani aweza kulisoma, nani aweza kuliandika upya, nani aweza kulifuta. La tatu ni urithi: faili linapozaliwa ndani ya folda huchukua ruhusa za folda hiyo, kama halikuandikiwa vingine. Kuwa mwenyewe na kuwa na ruhusa ni vitu viwili, na wengi huvichanganya. Mapokeo ya Wafipa, ambayo mtafiti Roy Willis aliyasikiliza katika miaka ya 1960 na kuyaeleza katika kitabu alichokichapisha mwaka 1981, yanasema kwamba utawala wa kwanza wa Ufipa ulikuwa hapa Milanzi, na kwamba wageni wa nasaba ya Watwa walipokuja na kuutwaa utawala wa nchi, mtawala wa Milanzi hakufutika, bali alibaki na Milanzi yake na heshima ya kale ambayo watawala wapya hawakuweza kumvua. Mwenye faili yu katika hali ya namna hiyo: hata jina lake likiondolewa katika orodha ya ruhusa, asiweze tena kulisoma faili alilolianzisha, bado anabakiwa na haki ya kuirudia orodha yenyewe na kujiandika upya.

Sasa tuje kwenye uchunguzi. Hatua ya kwanza, ambayo watu huiruka kwa haraka, ni kuusoma ujumbe wa skrini mpaka mwisho. Yapo makatazo ya namna mbalimbali, na kila moja lina sababu yake. Skrini ikiandika "Access is denied", maana yake ruhusa imekosekana. Ikisema kwamba faili linatumiwa na mtu mwingine au limefungwa kwa ajili ya kuhaririwa, ruhusa ipo lakini faili limeshikwa. Ikisema kwamba faili halikuonekana, yamkini limehamishwa au jina lake limebadilishwa, na hapo hakuna ruhusa yoyote ya kurekebisha. Andika ujumbe huo katika karatasi kama ulivyo, uandike na jina la aliyekuwa ameingia wakati huo, kwa sababu jambo linalokataa katika akaunti ya baba na kukubali katika akaunti ya mama limekwisha kukuonyesha upande wa kutafuta.

Sababu iliyo kubwa kuliko zote, na ambayo laiti ingejulikana mapema ingewapunguzia watu safari za kwa fundi, ni tofauti iliyopo kati ya kuhamisha faili na kulinakili. Windows ina folda ya pamoja iliyotengenezwa tangu awali, iitwayo Public, iliyomo ndani ya folda ya Users katika diski ya C, na kila mtu aliyeingia katika kompyuta kwa akaunti yake aweza kusoma, kuandika na kufuta humo. Katika Windows XP, ambayo kompyuta kuukuu bado zinayo, iliitwa Shared Documents. Mama analichukua faili lake kutoka katika folda yake ya Documents, analikata, analibandika ndani ya Public, na kwa fikira zake amekwisha kuliweka sebuleni. Lakini folda ya Documents ni ya faragha, na ruhusa zake ni za mama, za mfumo wenyewe, na za wasimamizi. Na faili linapohamishwa kutoka folda moja kwenda nyingine ndani ya diski ileile, halipati ruhusa mpya, bali huondoka na zile lilizokuwa nazo. Ndiyo maana baba analiona jina na hawezi kulifungua. Lau mama angelinakili badala ya kulihamisha, faili jipya lingezaliwa ndani ya Public na kurithi ruhusa za Public, na kila mtu angelifungua bila ya taabu.

Jambo hilo hilo linaeleza fumbo jingine linalowashangaza watu. Faili likihamishwa kutoka diski ya C kwenda diski ya D, au kwenda katika flashi na kurudi, hufunguka kwa wote. Na watu husema flashi imelitibu. Haikulitibu kwa uganga wowote. Kuhamisha kutoka diski moja kwenda nyingine, kwa hakika ya mambo, ni kunakili kisha kufuta la kwanza, kwa hiyo faili huzaliwa upya mahali papya na kurithi ruhusa za hapo. Fauka ya hayo, flashi nyingi zimepangwa kwa FAT32 au exFAT, mipango ambayo haina orodha za ruhusa kabisa, na kila kinachopita humo huvuliwa masharti yake. Hivyo flashi ni kipimo kizuri cha uchunguzi, lakini ni mahali pabaya pa kuweka siri, kwa kuwa yeyote atakayeiokota sokoni atasoma yote yaliyomo. Na FAT32 haipokei faili linalofikia GB 4, jambo ambalo wenye kuhifadhi video za harusi hulikuta kwa ghafula na kudhani flashi imekufa.

Ikiwa mafaili yamekwisha kuhamishwa na sasa yapo mengi ndani ya folda ya pamoja yakiwa na ruhusa za zamani, hakuna haja ya kuyashughulikia moja moja. Ingia kwa akaunti ya msimamizi, bofya folda ya pamoja kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua Properties, kisha Security, kisha Advanced. Hapo utaona orodha ya wanaoruhusiwa, na chini yake mstari mrefu unaoanza na maneno "Replace all child object permission entries", ambao ukiuwekea alama na kukubali, ruhusa za folda hiyo zitashuka kwa kila kilichomo ndani yake na kufuta zile zilizotangulia. Anayependa kuandika amri aweza kufungua dirisha la amri kwa mamlaka ya msimamizi na kutumia icacls, akitaja ndani ya alama za kunukuu njia ya folda ikifuatwa na \*, ili amri iguse vilivyomo na si folda yenyewe, na kumalizia na /reset /T /C. Lakini tafadhali, msomaji, hakikisha mara mbili kwamba unaishughulikia folda ya pamoja na si folda ya Users nzima, wala si diski ya C nzima. Nimeona kompyuta ambayo mwenyewe, kwa pupa ya kumaliza tatizo dogo, alizishusha ruhusa za diski nzima, na kutoka siku hiyo programu zake zikawa zinakataa kufunguka mpaka mfumo wote ulipowekwa upya. Tatizo la faili moja likawa tatizo la kila kitu.

Kabla ya kuondoka katika dirisha hilo la Security, tazama kama kuna katazo. Orodha ya ruhusa huwa na safu mbili, moja ya kuruhusu na moja ya kukataza, na katazo lililoandikwa bayana hushinda ruhusa. Baba anayetaka kumzuia mtoto mdogo asifute hesabu huliwekea katazo kundi la Users, akisahau kwamba yeye mwenyewe na mkewe wamo katika kundi hilo. Matokeo yake wote wanafungiwa nje, hata kama majina yao yameandikwa juu yake kwa ruhusa kamili. Ushauri wangu ni kwamba katika nyumba katazo lisitumike kabisa. Asiyetakiwa kuandika asipewe ruhusa ya kuandika, basi. Kutokuwapo kwa ruhusa kunatosha.

Kuna kitufe kimoja ambacho sharti nikiseme kwa urefu, kwa kuwa kinabonyezwa bila ya kufikiriwa. Mtu mwenye cheo cha msimamizi akijaribu kuifungua folda ya mtumiaji mwingine, Windows humwambia kwamba kwa sasa hana ruhusa, na kumwonyesha kitufe cha "Continue" cha kupata ruhusa hiyo moja kwa moja. Wengi hukidhania kuwa ni kitufe cha kupita mara moja tu, kama kusukuma mlango ulioegeshwa. Sivyo. Anapokibonyeza, jina lake linaandikwa katika orodha ya ruhusa ya folda ile na vilivyomo, na hukaa humo daima, hata akija kuvuliwa usimamizi siku nyingine. Baba aliyetaka kuangalia picha moja tu ya binti yake amejiandikia idhini ya kudumu katika mambo yake yote, na pengine hajui. Kwa sababu hiyo naona ni insafu nyumba iwe na akaunti moja ya msimamizi iliyo kando, isiyotumiwa kwa kazi za kila siku, ambayo neno lake la siri linajulikana na watu wazima wawili walioaminiana, na wote waliobaki, wakiwamo watu wazima hao, wafanye kazi zao katika akaunti za kawaida. Na watoto waelezwe kwa ukweli kwamba msimamizi anaweza kufungua folda zao akitaka, ili wasije wakaamini kwamba wana usiri wasiokuwa nao.

Hali nyingine huja baada ya kompyuta kurudi kutoka kwa fundi. Mfumo umewekwa upya, akaunti zimetengenezwa tena kwa majina yaleyale, diski ya D haikuguswa, na bado hakuna anayeweza kufungua folda zilizomo. Windows haimtambui mtu kwa jina lake bali kwa namba ndefu inayoanza na S-1-5-21, ambayo hutungwa upya kila akaunti inapotengenezwa; kwa hiyo mama wa leo, ingawa jina lake na picha yake ni zilezile, mbele ya kompyuta ni mtu mwingine asiyejulikana na folda za jana. Ukifungua Security ukakuta namba kama hiyo mahali pa jina, umekwisha kuipata sababu. Dawa yake ni msimamizi kutwaa umiliki: katika dirisha lile la Advanced, juu kabisa, kuna neno Owner na mbele yake Change, andika jina la akaunti mpya ya mwenye folda, weka alama katika mstari unaosema umiliki ushuke kwa vilivyomo ndani, kubali, kisha mwandikie mwenyewe ruhusa kamili. Folda ya mama irudishiwe mama. Si vema msimamizi ajimilikishe folda zote kwa kuwa kazi imekuwa rahisi hivyo.

Ila kutwaa umiliki hakusaidii kitu ikiwa mafaili yalifungwa kwa msimbo. Matoleo ya Windows yaliyo juu ya lile la nyumbani yana uwezo wa kulifunga faili kwa ufunguo wa akaunti moja, na alama yake ni kufuli ndogo juu ya picha ya faili. Akaunti hiyo ikipotea pamoja na ufunguo wake, hakuna fundi wa Sumbawanga wala wa Dar es Salaam atakayelisoma faili hilo. Kwa hiyo, kabla hujampelekea fundi kompyuta, angalia kama kuna mafaili ya namna hiyo, uyafungue kwa akaunti yenyewe na kuyanakili mahali pengine, au uuhifadhi ufunguo wake nje ya kompyuta. Kadhalika diski nzima yaweza kuwa imefungwa kwa BitLocker, na hapo unahitaji ile namba ya kuifungulia ambayo Windows ilikupa wakati wa kuifunga. Iandike katika karatasi na uiweke pamoja na vyeti vya shule.

Sababu ya faili kushikwa ni nyepesi zaidi, lakini kwetu ina jambo lake la mahali. Windows inaruhusu mtumiaji mmoja kuiachia kompyuta akaunti nyingine bila ya kutoka katika yake, na mafaili aliyoyaacha wazi huendelea kuwa wazi nyuma ya pazia. Mama ameacha orodha ya matumizi imefunguka, kijana anaingia kwa akaunti yake, anajibiwa kwamba orodha imefungwa na mtumiaji mwingine. Mwambie mama atoke kabisa, na tatizo litakwisha. Lakini umeme wa Sumbawanga kwa miaka mingi uliletwa kutoka Zambia kwa njia moja ndefu, na kukatika kwake si jambo geni. Na umeme ukikatika wakati faili lipo wazi, programu haipati nafasi ya kuondoa alama yake ya kufungia. Word huacha faili dogo lililofichwa ambalo jina lake linaanza na ~$, na LibreOffice huacha linaloanza na .~lock; kwa hiyo umeme unaporudi, faili la asili linadhaniwa bado limo mikononi mwa mtu. Hakikisha kwanza kwamba hakuna aliyelifungua, kisha ruhusu mafaili yaliyofichwa yaonekane, ufute lile dogo tu, na kubwa litafunguka.

Kwa wale wanaohangaika na menyu za kushiriki kwa mtandao, maneno machache yanatosha. Kushiriki kwa mtandao ni kwa ajili ya kompyuta mbili au zaidi. Kwa akaunti zilizo ndani ya kompyuta moja hakuhitajiki. Na anayefuata maelekezo ya zamani yanayomtaka aunde HomeGroup asijitaabishe, kwani Microsoft waliiondoa katika Windows 10 toleo la 1803, lililotoka mwaka 2018.

Wapo pia wanaotumia Linux, hasa vijana waliozipa uhai kompyuta kuukuu zisizoibeba Windows mpya. Kwao mpango ni ule wa madaraja matatu, na kosa la kawaida ni kuiweka folda ya pamoja ndani ya makazi ya mtu mmoja. Kuanzia Ubuntu 21.04, makazi ya kila mtumiaji hufungwa kwa watu wengine, kwa hiyo hata folda ya ndani ikiwa wazi kiasi gani, hakuna atakayeifikia kwa kuwa njia ya kuingilia imezibwa. Iweke nje, kwa mfano katika /srv/nyumbani. Unda kundi la nyumbani, waingize wanaohusika, uikabidhi folda kwa kundi hilo kwa chgrp, na uipe chmod 2775. Ile 2 ya mwanzo ndiyo inayofanya kila faili jipya liwe la kundi la nyumbani badala ya kuwa la kundi la aliyelianzisha, na wengi huiacha. Bado mafaili yaweza kuzaliwa yakiwa ya kusomwa tu na wenzako. Hapo tumia setfacl kuandika ruhusa za kurithiwa, na kila mtu aliyeingizwa katika kundi atoke na kuingia upya, kwani kabla ya hapo kompyuta haijui kwamba amekwisha kuwa mwanakundi.

Baada ya marekebisho yoyote, jaribio lifanywe kutoka katika akaunti ya yule aliyekataliwa, si katika akaunti ya aliyerekebisha. Msimamizi aweza kufungua karibu kila kitu, na kufungua kwake hakuthibitishi neno. Baba aingie kwa jina lake, afungue faili, aandike neno moja, alihifadhi, kisha mama aingie na kulisoma neno hilo, naye aandike la kwake. Kusoma peke yake hakutoshi, kwa sababu lipo faili linalokubali kusomwa na kukataa kuhifadhiwa, na mwenye bahati mbaya huligundua hilo baada ya kuandika kurasa tatu.

Yapo mambo yasiyopasa kuingia katika folda ya pamoja hata ruhusa zake zikiwa sahihi. Shangazi mweka hazina anayo majina ya wanakikundi, namba zao za simu na madeni yao, na watu hao walimwamini yeye, hawakuiamini nyumba nzima. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, imeyapa mambo ya namna hiyo uzito wa kisheria, lakini hata kabla ya sheria hiyo mtu muungwana alijua kwamba deni la jirani halisomwi na watoto sebuleni. Daftari hilo likae katika folda ya faragha ya shangazi, na nakala yake ya akiba iwe katika flashi iliyofungiwa kabatini. Alama za wanafunzi vivyo hivyo. Katika folda ya pamoja ziwekwe picha za sherehe, hesabu za shamba, vitabu vya shule, nakala za bili, na mambo yote ambayo mtu angeyasema mezani mbele ya wote.

Mwisho kuna siku ambayo kila nyumba huifikia: kijana amechaguliwa kwenda bweni au chuoni, anaondoka Milanzi, na mtu anataka kuifuta akaunti yake ili kupunguza msongamano. Windows itauliza kama na mafaili yake yafutwe, na ikijibiwa ndiyo, folda yake ya Documents, picha zake na vyote vya mezani pake vitapotea pasipo kupitia katika kapu la taka. Mafaili yake yaliyomo katika folda ya pamoja hayatafutwa, lakini yatabaki na umiliki wa ile namba ndefu isiyo na jina. Basi kabla hajapanda basi, akae mwenyewe mbele ya kompyuta, anakili vya kwake katika flashi au diski ya nje, anakili vya nyumba ndani ya folda ya pamoja, afungue viwili vitatu katika ile diski ya nje ahakikishe kwamba vinasomeka. Kisha msimamizi aiweke folda ya pamoja yote katika umiliki wa akaunti inayobaki, baba na mama wajaribu kuifungua na kuandika humo kila mmoja kwa akaunti yake, na baada ya hayo ndipo akaunti ifutwe.